Vumbi la Kazi: Historia ya Pumzi za Baba Zetu

Nesi wenu wa huku Iwawa nipo. Wiki hii tunaweka pembeni kidogo chanjo na uji wa lishe, tuongelee kitu ambacho mume wako, kaka yako au mtoto wako anakipumua kila siku kazini. VUMBI.

Nitaleta sehemu sita. Ni historia, lakini usikimbie. Ukifika mwisho utakuwa na swali moja la kumuuliza baba wa nyumbani kwako, na hilo swali linaweza kumwongezea miaka.

SEHEMU YA 1: UNGO NA MASHINE YA KUSAGA

Tuanze na unachokijua. Ukipepeta ngano au maharage, unasimama wapi? Unautafuta upepo kwanza, si ndiyo? Unasimama upepo ukitokea mgongoni, makapi yaende mbele, yasikurudie usoni. Hakuna aliyekufundisha kwenye ubao. Bibi alikuonyesha ukiwa mdogo. Basi hapo bibi alikuwa ameshakufundisha kanuni ya kwanza ya kinga ya vumbi: upepo ulichukue vumbi kabla halijafika puani.

Sasa twende kwenye mashine ya kusaga. Ukipeleka mahindi pale, angalia juu ya mashine. Kuna lile dude la bati kama faneli kubwa, pana juu na jembamba chini. Na mara nyingi kuna mfuko mrefu wa kitambaa unaotuna kila mashine ikiwaka. Umeshawahi kujiuliza kazi yake?

Mashine inasaga kwa kasi na kupuliza unga pamoja na hewa. Hewa ile inaingia kwenye faneli kwa pembeni na kuanza kuzunguka. Unga, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, unatupwa ukutani, unateleza na kushuka chini kwenye ndoo yako. Unga mwepesi uliobaki hewani unaishia kwenye kile kitambaa: hewa inapita, unga unabaki. Ni kama chujio la chai tu, ila badala ya maji inapita hewa.

Mama, hiyo ndiyo teknolojia ya kuchuja hewa viwandani. Viwanda vikubwa vya saruji na mbao ulimwenguni vinatumia hayo hayo mawili, faneli la kuzungusha na mifuko ya kitambaa, ila kwa ukubwa wa nyumba. Kumbe sisi huku Makete tunayo kila kijiji chenye mashine!

Lakini jiulize, kwa nini mashine ya kusaga inalo na mashine ya mbao ya jirani haina? Jibu ni kwamba unga ni mali. Ukipotea hewani, mteja atalalamika kilo zake hazijatimia. Vumbi la mbao halina mwenyewe, anayelibeba anaondoka nalo kifuani. Shika jibu hilo, maana historia yote ninayokuja kukusimulia imejaa humo.

Na kabla hatujaachana, kidogo kuhusu mwili. Unywele wa kichwani una unene wa karibu maikroni 70. Vumbi lenye chembe kubwa kuliko maikroni 10 mara nyingi linanaswa puani na kooni, ndiyo maana unapenga kamasi nyeusi au unakohoa makohozi yenye rangi. Chembe ndogo za chini ya maikroni 4 hivi zinapita zote, zinafika kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu ambako damu inachukua hewa. Hizo huzioni kwa macho. Kwa hiyo mtu akikuambia "mbona pale kazini hakuna vumbi, hewa iko safi tu", mwambie macho hayapimi hilo.

SEHEMU YA 2: WANAWAKE WALIOOLEWA MARA SABA

Leo tunatoka nje ya Tanzania kidogo. Mwaka 1556 kilichapishwa kitabu cha daktari mmoja Mjerumani aitwaye Georgius Agricola, kuhusu uchimbaji madini. Alikuwa ameishi katikati ya wachimbaji na kuwatibu. Humo aliandika jambo ambalo kila mama akilisoma linamgusa: kwenye migodi ya milima ya Carpathia, kule Ulaya, walikuwepo wanawake walioolewa na waume saba, na wote saba wakafa kwa ugonjwa wa kukonda na kukohoa.

Waume saba, jamani. Huku kwetu mwanamke huyo angeitwaje? Tungesema ana mkosi, tungesema amelogwa au yeye ndiye mlozi. Kumbe mlozi alikuwa vumbi la mwamba. Daktari yule miaka zaidi ya 450 iliyopita alilisema wazi, na akaeleza na dawa yake: mashine za kuvuta hewa mbaya kutoka shimoni na kupeleka safi, pamoja na kujifunika uso.

Vitambaa vya uso ni vya zamani hata kuliko hapo. Mwandishi wa Kirumi aitwaye Pliny, karne ya kwanza, aliandika kuhusu watu waliosafisha madini mekundu yenye sumu wakiwa wamejifunga usoni kibofu cha mnyama ili wasipumue vumbi lile.

Halafu mwaka 1700 akaja daktari Mwitaliano, Bernardino Ramazzini. Huyu ndiye babu yetu sisi wote tunaohudumia wagonjwa. Aliandika kitabu kizima cha magonjwa ya wafanyakazi, waashi, wasaga nafaka, wachonga mawe, kazi moja moja. Na akawaambia madaktari wenzake waongeze swali moja kwenye yale wanayomuuliza mgonjwa: unafanya kazi gani?

Swali dogo kabisa. Lakini naomba nikuambie ukweli wa huku kwenye vyumba vyetu vya huduma. Foleni ndefu, mtoto analia, mgonjwa anakohoa wiki ya tano. Tunamuuliza kazi, anajibu "fundi" au "kibarua". Tunaandika hivyo, tunaendelea. Fundi wa nini? Kibarua wa wapi, miaka mingapi? Hapo ndipo historia ya mtu inapotea.

Kwa hiyo wewe unayemsindikiza mumeo hospitali, usisubiri kuulizwa. Sema mwenyewe: "Huyu amepasua mbao miaka minane", au "alikuwa machimboni Chunya miaka mitano". Sentensi hiyo inaweza kubadilisha kipimo atakachofanyiwa.

SEHEMU YA 3: BABU ZETU WALIKWENDA WAPI?

Sasa turudi nyumbani. Makete ilipata wilaya yake 1979. Kabla ya hapo tulikuwa ndani ya wilaya ya Njombe, na wakati wa Mwingereza, Njombe ilijulikana kama mahali pa kuchota watu. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha huku ilikuwa haba. Basi wanaume wakaondoka.

Wengine walikwenda mashamba ya mkonge Tanga. Kuanzia 1944 kulikuwa na ofisi ya wenye mashamba ya kukusanya vibarua, ikaitwa SILABU. Walioandikishwa tukawaita manamba, kwa sababu ya zile namba walizopewa. Tunaimba na kuchekea neno hilo, lakini fikiria mtu wa Ukinga au Ubena, amezoea baridi na mvua ya milimani, anaingia kiwanda cha korona. Mkonge ukishakaushwa unapelekwa chumba cha brashi, nyuzi zinapigwa na kuchanwa, na vumbi lake linajaa chumba. Miaka mingi baadaye, katika miaka ya 2000, watafiti wa Tanzania na Norway walipokwenda kwenye viwanda vya mkonge nchini, wafanyakazi wa brashi ndio waliokutwa na kero nyingi za kifua na pua. Mashine zilikuwa zile zile, na vumbi lile lile.

Wengine walikwenda Lupa, Chunya, ambako dhahabu ilianza kuchimbwa miaka ya 1920. Dhahabu inakaa kwenye mwamba wa kwatsi, na kwatsi ni silika. Ukilipasua jiwe lile na kulisaga likiwa kavu, unatengeneza vumbi baya sana. Chembe za silika zikifika ndani ya mapafu, askari wa mwili wanakuja kuzimeza. Wanazimeza, wanakufa wao. Wanakuja wengine, wanakufa. Pale pote panabaki kovu. Kovu likiongezeka, pafu linakuwa gumu kama ngozi iliyokauka. Huo ugonjwa unaitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na mara nyingi unaonekana baada ya miaka kumi na zaidi, pengine mtu ameshaacha kazi na kusahau. Na mwenye silika kifuani anapata kifua kikuu kirahisi kuliko wengine.

Na wengine, hasa wa nyanda za juu kusini, walikwenda mbali zaidi, Afrika Kusini, kwa ile kampuni ya kuandikisha watu ambayo wazee wanaiita Wenela. Kule, tangu mwanzo wa karne ya 20, walijua vizuri. Tume ya mwaka 1902 ilichunguza vifo vya watoboaji wa mwamba kwenye migodi ya dhahabu, na 1911 ikatungwa sheria ya fidia ya ugonjwa wa mapafu wa wachimbaji. Wakaanza kutumia keekee zenye maji ili vumbi lisipande. Mwaka 1930 mkutano wa kimataifa kuhusu silikosisi ukafanyika Johannesburg. Elimu ilikuwepo! Ila fidia ililipwa kwa rangi ya mtu. Mzungu alipata kikubwa, Mwafrika kidogo, na ubaguzi huo katika sheria uliondolewa 1993 tu. Mwafrika aliyeanza kukohoa mkataba wake ulikwisha, akarudi kwao. Ugonjwa ukazikwa kijijini, bila jina.

Baada ya uhuru, serikali yetu ilifunga mlango wa Wenela. Jambo jema. Lakini sikiliza mwisho wake. Mwaka 2018 makampuni ya dhahabu kule Afrika Kusini yalikubaliana na mawakili wa wachimbaji kulipa fidia ya silikosisi na kifua kikuu, kiasi cha randi bilioni 5. Mahakama ikaidhinisha 2019. Wanaohusika ni waliofanya kazi kwenye migodi iliyotajwa kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Aliyechimba na kuondoka kabla ya hapo hamo. Hesabu mwenyewe: wazee wetu wa Wenela wengi walikuwa wameshatoka. Vumbi walilipumua, karatasi haikuwahesabu.

Nyumbani kwenu kuna hadithi ya babu "aliyerudi na kikohozi"? Watoto waulize bibi wakati bado yupo. Hiyo ndiyo historia yetu, hakuna mwingine aliyeiandika.

SEHEMU YA 4: VICHUJIO VILIKUJAJE?

Mlioniuliza "sasa hizi mashine za kuchuja alizibuni nani?", leo ni zamu yenu.

Tarehe 2 Mei 1878, mji wa Minneapolis, Marekani, kinu kikubwa cha ngano kililipuka. Watu 18 wakafa. Kilicholipuka ni unga tu. Unga laini ukijaa hewani ndani ya jengo, cheche moja inatosha. (Wenye mashine za kusaga na za mbao, mmesikia? Unga wa mbao nao unalipuka vile vile. Usiwashe kiberiti chumba kikiwa na ukungu wa vumbi.) Kinu kilipojengwa upya, kikawekewa mitambo ya kukusanya vumbi.

Mwaka 1885 Mmarekani mmoja, John Finch, akapata hataza ya faneli la kuzungusha hewa, ndugu wa lile la kwenye mashine yako ya kusaga. Na mifuko ya kitambaa ikaendelea kuboreshwa, ikawekewa utaratibu wa kujikung'uta, maana kitambaa kikijaa vumbi hewa haipiti. Ajabu yake ni kwamba kitambaa chenye utando mwembamba wa vumbi kinachuja vizuri kuliko kipya kabisa. Utando ule wenyewe unageuka chujio.

Halafu umeme. Umeshachana nywele kavu kwa chanuo la plastiki, kisha chanuo likavuta vikaratasi? Mwalimu wa kemia wa California, Frederick Cottrell, kati ya 1906 na 1908 alitumia wazo la namna hiyo: moshi unapita kwenye nyaya zenye umeme mkali, chembe zinachajiwa, zinavutwa na kugandia kwenye bamba la chuma, kisha bamba linagongwa na vumbi linaanguka. Moja ya sehemu za kwanza kuutumia ilikuwa kiwanda cha saruji karibu na Riverside, California. Unajua kwa nini? Wenye mashamba ya michungwa walilalamika vumbi la saruji linaangukia miti yao.

Umeona? Kinu kilichujwa kwa sababu kililipuka. Saruji ilichujwa kwa sababu ya machungwa. Mfanyakazi aliyesimama ndani siku nzima akawa anafaidika kwa bahati tu.

Waliompigania yeye mwenyewe walikuwepo, na mama zangu, wengine walikuwa wanawake. Uingereza iliajiri wanawake wakaguzi wa viwanda kuanzia 1893. Mmoja wao, Lucy Deane, mwaka 1898 alitoa taarifa kwamba vumbi la asbesto lina vipande vyenye ncha kama vya kioo, na kwamba limeshaumiza watu. Alisema wazi. Kanuni za kulidhibiti vumbi la asbesto Uingereza zilitoka 1931. Toa hesabu hapo: miaka 33. Katikati yake wasichana waliendelea kusokota asbesto.

Na miaka ya 1960, daktari wa pua na masikio, mwanamke, Esmé Hadfield, akiwa mji wa High Wycombe wenye viwanda vya samani, aliona kitu cha ajabu: saratani ya ndani ya pua, ambayo kwa kawaida ni nadra mno, ilikuwa inawapata maseremala. Alijua kwa sababu aliuliza lile swali la Ramazzini. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likaliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Sisemi haya kukutisha. Ushahidi mzito wa saratani ya pua unahusu zaidi miti migumu, na huku kwetu tunapasua paini kwa wingi. Lakini paini nayo inaleta pumu, mafua yasiyoisha na kikohozi. Kwa hiyo hakuna mti wa kuuchekea.

SEHEMU YA 5: SHERIA ZETU

Tanganyika ilipata sheria yake ya viwanda mwaka 1950, kwa mfano wa zile za Uingereza. Na sheria ya Uingereza ya 1937 ilikuwa imeshasema jambo la msingi sana: vumbi livutwe kwa mashine karibu kabisa na pale linapozaliwa. Soma tena. Karibu na linapozaliwa. Siyo likishajaa chumba ndipo mfungue dirisha.

Sheria ile ya 1950 ilitutumikia zaidi ya miaka 50. Mwaka 2001 serikali ikaanzisha OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na 2003 Bunge likapitisha sheria mpya ambayo haikuishia kiwandani. Inamtaka mwajiri asajili mahali pa kazi, atoe vifaa vya kinga bila kumuuzia mfanyakazi, na afya za wafanyakazi zipimwe. Mwaka 2008 ikaja sheria ya fidia, na kutokana nayo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ukaanza kazi 2015. Mchango anatoa mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti. Na unalipia magonjwa yatokanayo na kazi, siyo ajali za kukatwa kidole peke yake. Wengi hawajui hilo. Wanadhani fidia ni mpaka damu itoke.

Je, vichujio vinasaidia kweli, au ni maneno? Hapa nina habari njema ya nyumbani. Miaka ya mwanzo ya 2000, Dkt. Julius Mwaiselage na wenzake walipima wafanyakazi wa kiwanda cha saruji hapa Tanzania. Wanaokaa kwenye vumbi jingi, upumuaji wao ulikuwa umeshuka kuliko wenzao wasio kwenye vumbi, na kadiri mtu alivyokaa kwenye vumbi zaidi ndivyo ulivyoshuka zaidi. Mwaka 2010 na 2011 watafiti wakawapima tena wafanyakazi wa saruji na kulinganisha na vipimo vya 2002. Vumbi lilikuwa limepunguzwa. Na kikohozi, makohozi na matatizo ya kifua navyo vilikuwa vimepungua.

Kwa hiyo mtu asikuambie "kazi ya saruji ndivyo ilivyo, ukitaka hela vumilia". Vumbi lilipopunguzwa, kikohozi kwenye vifua vya Watanzania kilipungua. Hapa hapa nchini.

Wenzao Dar es Salaam waliwapima mafundi wa karakana ndogo za mbao, na kule Kiwira wakawapima wachimba makaa ya mawe, ambapo wale wanaotoboa njia mpya mwambani ndio waliokutwa kwenye vumbi na kwatsi jingi zaidi. Taarifa hiyo ya Kiwira tuihifadhi vizuri sisi watu wa mkoa wa Njombe, maana Ludewa tuna makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Siku yakichimbwa, watakaoshuka shimoni ni hawa unaowanyonyesha leo.

SEHEMU YA 6: SASA TUFANYEJE HUKU KWETU?

Tumefika mwisho, na lile swali nililoahidi ni hili. Leo jioni akishakula, muulize baba watoto: "Vumbi la pale kazini kwenu linakwenda wapi?"

Usimuulize kama ana barakoa. Anza na hilo. Akijibu "linakwenda nje, kuna feni inalivuta kwenye mfuko", mshukuru Mungu. Akijibu "linatuangukia tu", basi jibu halisi ni kwamba linakuja nyumbani na yeye.

Mpangilio wa kinga, kuanzia wenye nguvu kushuka:

1. Lisizaliwe. Mawe yalowanishwe kabla ya kupasuliwa, kokoto zimwagiwe maji. Sakafu isifagiwe kavu. Na kupuliza nguo au mashine kwa hewa ya kompresa kuachwe, kunarudisha hewani hata lile lililokuwa limelala.

2. Livutwe pale pale. Bomba na feni karibu na msumeno au randa, faneli, mfuko wa kitambaa nje ya chumba. Fundi wa bati anayetengeneza faneli za mashine za kusaga anaweza kuanzia hapo, ingawa kipimo cha feni na bomba kinahitaji mtaalamu. Vijana wa kikundi wanaweza kuchangia moja. Wenye mashine za dingdong porini wanao upepo. Wafanye kama bibi na ungo: wasimame upepo ukitokea nyuma yao, rundo la unga wa mbao liwe chini ya upepo.

3. Ndipo barakoa. Na siyo leso, siyo kitenge, siyo ile nyepesi ya bluu. Hizo zinazuia vumbi kubwa, lile hatari linapita pembeni mwa mashavu. Inatakiwa ile ngumu ya kuzuia chembe, inayobana uso pande zote. Ndevu zikiwa nyingi haibani.

Maziwa je? Najua mtaniuliza. Kazi nyingi za vumbi wanagawa maziwa, na wengine wanasema "kunywa yatatoa vumbi". Mama, maziwa yanakwenda tumboni. Kifua kina njia yake nyingine. Maziwa ni chakula kizuri, mpe, lakini mwajiri asiyatoe badala ya feni.

Na hapo nyumbani kwako:

Nguo za kazi zivuliwe mlangoni, zisikung'utwe ndani. Ziloweke kwanza ndipo ufue, na zifuliwe peke yake, siyo pamoja na nepi na nguo za mtoto. Baba anawe na kunyoa hilo vumbi la nywele kwa maji kabla ya kumbeba mtoto. Najua mtoto anamkimbilia mlangoni, inauma kumzuia. Dakika tano tu.

Kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda kapime, kwanza kifua kikuu. Kama makohozi hayana vimelea na bado anakohoa, anapumua kwa shida akipanda mlima ambao zamani alikuwa anaupanda akiimba, sema kazi yake, sema miaka yake, omba aandikiwe. Karatasi zote tunza kwenye bahasha moja pamoja na mkataba wa kazi, kama upo. Kama hakuna mkataba, andikeni wenyewe kwenye daftari: alifanya wapi, kazi gani, tangu lini mpaka lini, na nani walikuwa naye. Wazee wa Wenela wangekuwa na daftari kama hilo, leo tungejua walikuwa wangapi.

Na mwisho, sisi wenyewe. Hii baridi ya Iwawa inatufanya tufunge kila tundu, jiko la mkaa likiwa ndani. Moshi nao ni chembe zile zile ndogo, na mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Ukimuuliza baba kuhusu vumbi lake, naye ana haki ya kukuuliza kuhusu moshi wako. Jiko litoke nje kabla ya kulala, dirisha la jikoni liwe wazi.

Tangu yule mama wa Carpathia aliyezika waume saba, vumbi limejulikana. Kilichokawia kila mara ni mtu wa kuuliza linakwenda wapi. Basi uliza wewe, leo. Halafu niandikie hapa chini alijibu nini, na kazi yake ni ipi. Nitawajibu mmoja mmoja nikitoka zamu.

Nesi wenu, Iwawa.